Raheli na Vinyago vya Baba Yake

Tangu katekista Kasimiri afariki, miaka mitatu sasa, mkewe Theopista ndiye anayefundisha dini watoto wa kigango chao huko Kasansa, kila Jumamosi. Hakuiomba kazi hiyo. Padri alimwambia aishike kwa muda, naye akaishika. Kwao ni Ufipa; hapa aliolewa tu. Wanawe wawili walishahamia Mpanda mjini, na siku nyingine hupita bila kusikia mtu akimwita.

Wiki moja alikuwa amefika kwenye habari za Yakobo wa Biblia. Akafagia kanisa, akapanga mabenchi, akangoja mpaka jua likawa kali. Hakuja mtu. Mpunga ulikuwa umetoa masuke, na watoto wote walikuwa majarubani wakiamia ndege.

Akafunga mlango, akawafuata.

Aliwakuta sita kwenye tuta, makopo mkononi. Walipokwisha kumwamkia akawaambia, "Nyie endeleeni kufukuza, mimi nasimulia."

Akasimulia jinsi Yakobo alivyomtoroka mkwewe Labani, yeye na wake zake na mifugo, na jinsi Raheli, mmoja wa wake hao na binti wa Labani, alivyoiba vinyago vya miungu ya baba yake, akavificha kwenye matandiko ya ngamia, akavikalia Labani alipokuja kuvitafuta. Ndege wakitua ananyamaza, makopo yanagongwa, kisha anaendelea.

"Mwalimu," akauliza Lusia, binti wa miaka tisa, "Yakobo si alimwabudu Mungu mmoja? Sasa mke wake vinyago vya nini?"

Kasimiri angejibu papo hapo: Waisraeli wa mwanzo walimjua Mungu kidogokidogo, na baadaye Yakobo aliizika miungu hiyo chini ya mti. Theopista alilijua jibu hilo. Akajikuta anasema lingine.

"Alikuwa anaondoka kwao moja kwa moja, mwanangu. Nadhani alitaka kitu cha nyumbani."

"Wewe ulichukua nini ulipoolewa?"

"Mkeka wa mama. Uliliwa na mchwa."

Lusia hakucheka. "Mungu alimkasirikia Raheli?"

"Biblia haisemi."

Ndege wakatua tena, mtoto akakimbia.

Jioni Theopista alipika ugali, ukazidi kama kawaida. Mkono wake haujazoea kupikia mtu mmoja. Alikula mlangoni, akitazama njia isiyopita mtu.

Jumamosi iliyofuata hakufagia kanisa. Alitafuta kopo, akatia vijiwe ndani, akaenda zake majarubani.