Jina kwenye Fomu ya Pilipili Manga

Siku mkaguzi wa kilimo hai alipopanda milimani Matombo, mwaka 2002, Veronika alikuwa kwenye misa. Aliyekutwa nyumbani ni mumewe, Tomasi. Mkaguzi akauliza shamba la pilipili manga ni la nani. Tomasi hakupenda mgeni arudi mikono mitupu, akataja jina lake mwenyewe, nalo likaandikwa kwenye fomu.

"Nimekusaidia," alimwambia mkewe jioni, akimpa nakala ya fomu. "Sasa pilipili yetu itauzwa mpaka Ulaya."

Veronika aliisoma mara mbili. Shamba lilikuwa la ukoo wa mama yake. Tomasi alihamia pale alipomwoa, kama wanaume wengi wa milima ile. Kwa mila ya huko, Tomasi akifa, warithi wake ni watoto wa dada zake. Wakija na karatasi hii, watoto wa Veronika wataondolewa kwenye miche aliyoipanda bibi yao, aliyelala kaburini hatua chache kutoka pale.

"Tomasi, wewe hapa ni mgeni."

"Miaka ishirini na sita, bado mgeni?"

"Tena mgeni mlaji."

Tomasi alicheka, kisha akaelewa kosa lake. Asubuhi waliteremka pamoja hadi Mkuyuni, alikofikia yule mkaguzi, kijana aitwaye Oscar.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Futa jina la huyu. Shamba ni la ukoo wangu."

"Fomu haina nafasi ya ukoo, mama. Inataka mtu mmoja. Kanuni zimetoka Ulaya, ndizo hizo hizo wanazofuata wakulima wa nchi nyingine."

"Bunge letu lilizipitisha?"

Oscar akakuna shingo. "Sidhani hata limeziona."

"Basi zimefanana na mila zetu. Na zetu hakuna bunge lililozipitisha, lakini tunaishi nazo."

Oscar alichukua fomu nyingine, akaandika jina la Veronika, na kwenye nafasi ya maelezo akaongeza: analima kwa niaba ya ukoo wa mama yake. Hakuwa na hakika kama huko iendako wataelewa. Veronika naye hakuwa na hakika, lakini alitia saini taratibu, herufi moja moja.

"Anatakiwa shahidi," Oscar akasema, akimgeukia Tomasi. "Baba, una uhusiano gani na mwenye shamba?"

"Andika mgeni."

Kalamu ya Oscar ikasimama.

"Andika mume," Veronika alisema, akimsogezea Tomasi kiti. "Ugeni wake unaishia shambani, haufiki nyumbani."