Mshono Uliolegezwa

Palikuwa na fundi cherehani, mjane, na mwanawe alikuwa mmoja tu, kama jicho lililobaki. Hakumfundisha kushika sindano hata siku moja. Kifungo kikidondoka, sharti aje kwa mama.

Kijana akaja na neno jingine: anataka kuwa mtawa wa Kibudha, na watawa hawampokei mtu bila ruhusa ya mzazi.

"Na nikikataa?"

"Sitakwenda, mama."

Kweli hakwenda. Akawa anakula mezani kama mgeni aliyekosa gari, akikonda. Mwishowe mama akasalimu amri. "Nenda. Ila vazi nitashona mimi."

Akanunua kitambaa cha maana, akakipinda vizuri pembe zote. Akakipeleka kwa watawa, na mtawa mmoja mzee akakigeuzageuza. "Fundi, hiki hata mwizi atakitaka. Kikate vipande, kisha uviunge. Vazi letu halitakiwi kutamaniwa, hata na anayelivaa."

"Watu hunilipa nifiche viraka, babu. Wewe unataka nivitangaze?"

Mtawa akacheka. Fundi hakucheka.

Akakata. Vipande vyote alivishona imara, isipokuwa kimoja cha pindoni. Hicho alikishikiza kwa bandi tu, ile mishono mirefu ya muda. Alijua kitaachia. Kikiachia, mwanawe atakuja, atakaa kwenye kigoda kando ya cherehani, asubiri kama zamani.

Mwana akaenda zake na vazi. Mama akawa anakipangusa kigoda kila asubuhi. Mvua zikaja, zikaisha. Vitabu vya watawa huwasifu wanaoondoka nyumbani. Waliobaki ndani havina habari nao.

Asubuhi moja alipeleka chakula kwa watawa. Mwanawe alikuwa kwenye safu, kipara, bakuli mikononi. Mama akapiga magoti, akainama mbele yake kama desturi inavyotaka. Mtawa hamwinamii mtu asiye mtawa, hata aliyemzaa. Mwana hakumwinamia.

"Pindo liliachia," mwana akasema taratibu.

"Mbona hukuniletea?"

"Tunashona wenyewe. Kila kitu huachia, mama. Ndilo somo la kwanza hapa."

Mama akatazama pindo. Mishono ilikwenda upogo, huku imerundikana, huku imevutwa hadi kitambaa kimejikunja: kazi ya mkono usiofundishwa na mtu. Lakini ilishika.

Akampakulia chakula. Kisha mkono wake ukapanda wenyewe hadi kwenye ukosi wa gauni lake, anapochomeka sindano yake siku zote, ukabaki hapo bila kuichomoa. Safu ikasogea.