Alirudisha leso za harusi, nikaambiwa niende nikamwombe radhi

Wakuu, salaam aleikum. Kisa hiki ni changu mwenyewe, na nakisimulia kilivyokuwa, hata pale kinaponiuma.

Humu wengi mnawasema wauza duka kwamba wananuna na hawana adabu. Leo nisikilizeni mimi niliyesimama upande wa pili wa meza.

Sasa niko Kisumu, baada ya kuzunguka Lamu, Unguja na Voi, maana mimi sikai mahali. Ila reli ilipokuwa bado mpya nilikuwa nauza leso, yaani khanga, katika duka la tajiri mmoja wa Kihindi, Mombasa, karibu na Kibokoni. Harufu ya vile vitambaa vipya bado naitamani.

Kwa wasiojua: mabibi wa nyumba kubwa hawakuwa wakija dukani. Tuliwapelekea bunda la leso nyumbani, wakachagua ndani, na wasizozipenda zikarudi. Ilikuwa ni kuaminiana tu.

Basi Bwana mmoja wa Kibokoni, jina nalisitiri, akaagiza bunda. Nilipeleka mwenyewe, doti nzima nzima. Leso mpya haikatwi vipande viwili mpaka inunuliwe. Mombasa hakuna asiyelijua hilo.

Wiki hiyo kwake kulikuwa na harusi. Ngoma tuliisikia mpaka dukani.

Harusi ilipokwisha, bunda likarudi lote. Mtumishi wake, Bi Tatu, alilitua mezani bila kunitazama.

"Bibi hakupenda hata moja."

Nikafungua. Zote zimekatwa. Zinanukia udi. Nilipokunjua moja, asumini iliyonyauka ikadondoka.

"Bi Tatu, na hii asumini pia hakuipenda?"

"Mwanangu, mie nimetumwa tu. Usinitie matatani."

Sikuzipokea. Nikazifunga tena, akarudi nazo.

Alasiri Bwana akaja mwenyewe, bakora mkononi, Bi Tatu nyuma yake na lile bunda, akasimama mlangoni wateja wakiwa ndani.

"Wewe ndiye uniletaye matambara yaliyovaliwa?"

"Bwana, mimi nilileta doti nzima."

"Kwa hivyo mwongo ni mimi? Muuza vitambaa wewe, babako aliwahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu?"

Marehemu baba yangu aliingiaje katika habari ya leso, wakuu, mpaka leo sijui.

Tajiri akachukua leso moja, akainusa, akaninong'oneza, "Najua." Kisha akamgeukia Bwana kwa sauti ya juu: "Samahani sana, Bwana. Huyu amekosa."

Bwana alipoondoka, tajiri akaniambia kesho niende barazani kwa huyo Bwana nikaombe radhi mbele ya watu, au nisahau kazi. Mama yangu alikuwa mgonjwa, na mkate wetu ulitoka duka lile. Nikakubali.

Kesho yake nikaenda. Wazee wamejaa barazani, kahawa inapita. Wote wana wake, na wote wanajua leso mpya haipelekwi nyumba ya mtu ikiwa imekatwa.

"Haya," Bwana akasema. "Waambie kosa lako."

Wallahi nilikwenda kuomba radhi. Lakini nilipowatazama wale wazee, kila mmoja akawa anatazama kikombe chake. Hapo ndipo hasira iliponipanda.

"Kosa langu, Bwana, ni kudhani nyumba hii hununua nguo zake za harusi."

Hakuna aliyecheka. Mmoja alikohoa. Nikaondoka.

Jioni hiyohiyo nikafukuzwa. Siku chache baadaye nilimwona muuzaji mpya akipita Kibokoni na bunda kichwani, akaingia nyumba ileile. Mimi na mama tulikula kwa majirani mpaka nilipopata kibarua stesheni.

Nilichojifunza: mteja fidhuli huumiza kwa siku moja. Anayekuumiza zaidi ni yule anayejua ukweli wako na bado anakuuza.

Wenye maduka humu, semeni, mngesimama na nani? Ila msinijibu kwamba mteja mkubwa hagombwi. Hilo tajiri aliniambia akinionyesha mlango.