Jioni Shangazi Alipoinasa Kasai

Majuzi nilirudi Lubumbashi, na sokoni nikaona lampi ya redio, ile ya kioo, imetupwa kati ya funguo zenye kutu. Nikaipangusa vumbi, na papo hapo, rafiki yangu, nikamkumbuka shangazi.

Ilikuwa miaka ya kujitenga kwa Katanga, mji ukiitwa bado Elisabethville. Mume wa shangazi, fundi redio, alikuwa mtu wa Kasai. Watu wa kwao walipofukuzwa, naye alipandishwa treni, na tangu hapo kimya. Shangazi alibaki kumuuguza nkambo, bibi yangu mzaa shangazi, akabaki pia na vyombo vya kazi ambayo mumewe alikuwa amemfundisha.

Tulisikia kwamba kituo kimoja cha Kasai husoma salamu za waliotengana, kwenye mawimbi mafupi. Redio yetu ilinguruma kwa vituo vya karibu. Kwenye mawimbi mafupi ilinong’ona tu. Shangazi alibadilisha antena, akabadilisha lampi. Wapi!

“Acha ile posti, mwanangu, kuya kula bukari,” nkambo aliita kutoka kwenye mbabula, jiko letu la makaa, ugali ukiwa tayari na sombe ya majani ya muhogo ikitokota.

Shangazi hakuinuka penye redio.

“Ku mawimbi marefu, mulango ya lampi iko na upinzani mingi, haikamate kitu,” alinieleza. “Ku mafupi, upinzani inaanguka. Lampi inakunywa nguvu yote ya bobini mbele tusikie.”

Alikwangua varnishi katikati ya bobini, ule waya uliozungushwa, akautoa waya wa lampi kule juu, akaulehemu pale katikati.

“Sasa itaonja tu.”

Jua lilikuwa linazama alipozungusha kitufe. Sauti ikatoka, safi, kwa Kiluba cha Kasai. Majina yakapita. Kisha jina la mumewe: anamsalimu mkewe, ni mzima, atarudi.

“Iko muzima!” shangazi alipiga kelele. “Bwana yangu iko muzima!”

Nkambo, mgonjwa yule, alipiga vigelegele mwiko mkononi. Majirani waliruka ua. Tangu jioni ile walijaa kwetu, kila mmoja akisubiri jina la mtu wake, na wengi walilipata.

Mume wa shangazi alirudi kweli, vita vilipokwisha. Leo wote wametangulia, na uani pale pana duka la simu. Vijana huongea na Kasai huku wakitafuna karanga, nami nawafurahia. Ila hawajapata kuuona mtaa mzima ukinyamaza kungoja jina moja, kisha ukalipuka kwa shangwe.