Chumba Asicholala Mtu

Nina hasira, na wa kukasirikiwa ni mimi mwenyewe. Mpimaji wa kodi ya majengo alikuja kwetu Chaani na utepe wake, kofia kubwa kuliko akili. Nyumba yetu iko mteremkoni, na chumba cha nyuma kimechimbwa ndani ya ardhi.

“Cha chini sikihesabu,” akasema, “ila kama analala mtu. Hapo kodi itapanda.”

Mimi, msomi, nikamjibu kwa jeuri, “Humo halali binadamu, bwana. Mna vyombo vibovu tu!”

Mlango wa chini ukafunguka. Akatoka mavyaa, mamake mume wangu, mwanangu begani.

“Pima, baba,” akamwambia. “Chombo kibovu ndimi. Kinamlelea msomi huyu mtoto wake.”