Kumchagulia Mama Hortensia

Baba alipofariki, mama alikubali kuhamia kwetu, mtaa wa Bel-Air, lakini alikubali nusu nusu. Alikuja na sanduku moja tu, vyombo vyake vyote akaviacha kwake Katuba. Tulikuwa bado hatujafika sebuleni aliponipa masharti yake.

"Nitaikala mvua moja na kiangazi moja," alisema. "Mvua ingine ikianza, nitakuambia kama ninabakia ao ninarudia kwangu."

Mimi nilitaka abaki, na nililitaka hilo kwa nguvu. Nilikuwa nimetoka kumzika mzazi mmoja, na yule aliyebaki sikutaka awe mtu wa kuongea naye kwenye simu tu.

Tatizo lilikuwa uwanja. Mume wangu ni mtu wa usafi, na usafi kwake maana yake ni saruji. Alikuwa ameusakafia uwanja wote, akabakisha ukanda mwembamba wa udongo mwekundu kando ya ukuta, labda kwa huruma. Mama alisimama mlangoni, akautazama vizuri.

"Lupango yenu iko sawa bureau ya État," akasema, kana kwamba uwanja ule ni wa ofisi ya serikali, akaingia ndani kulala.

Kwake Katuba kulikuwa na rangi mwaka mzima. Maua ya kana yaliwaka wakati wa mvua, na bugenvilia ilifunika ukuta wakati wa vumbi. Kitu alichokikosa ni hortensia, yale maua yanayojikusanya kichwa kikubwa kama kabichi. Aliyaona utotoni kwenye ua wa masista na hakuyasahau. Lakini Katuba maji yalikuwa ya kubeba kichwani, na hortensia inakunywa kuliko watoto wote wa nyumba. Mtu hawezi kuteka maji ya maua wakati sufuria ya mboga ya sombe inasubiri.

Basi nikaamua: nitampandia hortensia. Tena sikutaka za kuchanua mwezi mmoja kisha zikatuachia vijiti. Nilitaka kila msimu uwe na rangi yake, ili mama asipate wiki hata moja ya kukumbuka Katuba. Mimi nina duka la dawa mjini, na nikishika jambo nalishika kama ninavyoshika dawa: nasoma hadi karatasi ndogo ya ndani ya boksi. Kila Jumamosi saa sita nilifunga duka, nikampitia mama nyumbani kwa gari, tukaenda kwa wauza miche walio kando ya barabara.

Mmoja wao, mwenye kofia pana na mdomo mpana zaidi, alitupenda mara moja.

"Hii inafunguaka mwaka muzima, mama!" aliapa, ameinua chungu cha hortensia ya buluu.

"Muongo," mama akamjibu. "Hata wewe hauchekaka mwaka muzima."

Hapo mama alikuwa amesema kweli, maana hakuna hortensia ya kuchanua mwaka mzima. Unachofanya ni kuzipanga zipokezane. Ile ya buluu hufunguka mvua ikishakolea, na vichwa vyake ukiviacha bila kuvikata, polepole vinaingia kijani chenye vumbi la zambarau, vinapendeza hata vikizeeka. Kuna nyingine ya vichwa virefu vyenye ncha, inayoanza nyeupe kabisa na kugeuka waridi mvua zinapokaribia kwisha. Na kuna ya tatu, yenye majani mapana yaliyochongoka, ambayo maua si kitu sana. Majani yake ndiyo mali, kwa sababu baridi ya Juni ikiingia yanakuwa mekundu kama mvinyo.

Kuelewa hayo kulikuwa kazi ndogo. Kazi kubwa ilikuwa mama. Mche huu, alisema, miguu yake dhaifu. Ile ina madoa. Ile nyingine imekaa vizuri lakini "inaniangalia mubaya." Jumamosi moja tulizunguka hadi mvua ikatukuta, tukarudi na nyanya tu. Nilikasirika nusu njia, nusu nyingine tukacheka, kwa sababu mama aliigiza yule mwenye kofia akiapa kwa jina la mama yake, la bibi yake, na la mbuzi wa bibi yake.

Mwisho tukapanda za buluu, na zile nyeupe. Nilimweleza mama kila kitu, hata mambo ya udongo: kwamba huu wetu mwekundu ni mchachu, ndiyo maana buluu inashika vizuri, na kwamba majivu yanaua ule uchachu na kuligeuza ua kuwa waridi. Nilimwambia kwa sababu mama hapikii jiko la umeme. Jiko la umeme ni pahali pake pa kuwekea mikate. Bukari yake, yaani ugali, anaisongea nje kwenye mbabula, kwa makala, yale makaa, na majivu ya makala Katuba humwagwa kwenye kila kinachoota. Aliitikia kwa kichwa, akasema amesikia.

Mwaka ukaenda nilivyoupanga. Buluu ikaja, nyeupe ikafuata, ikageuka waridi kwa adabu. Julai mume wangu alitoka na mkasi wake wa miti, apunguze kila kitu kama ilivyo desturi ya mtaa mzima wakati wa kiangazi, nikamzuia kwa mwili. Maua ya mvua ijayo yalikuwa tayari ndani ya vile vijiti.

"Nisamehe, présidente ya hortensia," akasema, akaenda kukata majani ya jirani.

Mama peke yake hakucheka. Tangu upandaji uishe alikuwa ameanza kunyamaza. Jumamosi nikirudi kutoka dukani nilimkuta amekaa kwenye kiti chake, mikono mapajani, macho getini. Akaanza kuuliza habari za Katuba: nani anafagia kule, paa linavujaje. Nikashtuka. Nikadhani rangi haitoshi. Siku moja katikati ya wiki nilitoroka dukani, nikakimbia peke yangu kununua ile ya majani mekundu, nikaipanda mbele ya kiti chake kama mshangao.

"Iko muzuri," alisema. Sauti haikuwa na kitu ndani.

Mvua zikarudi. Zilikolea mama akiwa bado hajanipa hukumu yake, na hortensia za buluu zikafunguka waridi. Waridi chafu, kama nguo iliyofuliwa pamoja na kitenge kipya. Nilimtukana yule mwenye kofia kwa wiki nzima, moyoni na kwa mdomo.

Kisha Jumapili asubuhi, tukijiandaa kwenda misa, nilitoka nje nikamkuta mama ameinama ukutani na sahani ya bati. Anamwaga majivu. Shina moja, kisha jingine, bila haraka.

"Mama! Nilikuelezea! Majivu inaharibisha bleu!"

"Ulinielezea. Nilisikia muzuri."

"Basi juu ya nini?" Nilitaka sababu.

Alikung'uta sahani kwenye goti. "Juu iharibike."

Nilikuwa na maneno mengi tayari, na yote yalikuwa makali. Hakunipa nafasi.

"Tangu tulimaliza kupanda, haujanibeba tena fasi yoyote. Samedi unafunga duka, unarudia, unakula, unalala. Nikasema, bleu ikiharibika, huyu mutoto atakasirika, atakamata voiture, tutaenda tena kutafuta ingine."

Hasira iliniishia palepale. Nilianza kucheka, kisha nikaona ninalia, nikamkumbatia pamoja na sahani yake. Majivu yalituchafua sisi wote wawili, na misani tulifika wakati wa mahubiri.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda kumchukua. Ukutani hapakuwa na nafasi hata ya mchicha. Tulikaa kwa yule muongo karibu alasiri nzima, mama akimkosoa mche kwa mche, na hatukununua kitu. Tukiwa njiani kurudi, nikajikaza.

"Mama, mvua ilishaanza. Unabakia ao unarudia?"

Alikuwa akifuta udongo kwenye vidole vyake.

"Samedi ingine tukuje mapema," alisema. "Leo ya muzuri yote batu balikuwa balishaibeba."