Wamenifanya Mjane na Mume Wangu Yuko Hai

Admin, nifichie jina, maana watu wa huku wananijua hadi kikohozi. Mimi ni mama wa miaka thelathini na tatu, nina watoto watatu. Nilizaliwa Homa Bay nikaolewa huku pande za Macalder, ndiyo maana wananiita Nyar Homa Bay, binti wa Homa Bay. Mume wangu ananunua na kuuza ng'ombe Kehancha, anakaa huko wiki kadhaa kisha anarudi. Ni mzima kabisa, anakula ugali na anakoroma. Naanza na hilo kwa sababu hapa kijijini mimi nimeshafiwa.

Tuko na kikundi cha akina mama. Mto wetu umejaa dawa za wachimba dhahabu, kwa hivyo tulikuwa tunaomba ruzuku kwa wakfu mmoja wa jamii ili tupate kisima. Tulinyimwa, tukaomba tena, tukanyimwa. Safari hii mwenyekiti wetu aliandika ombi peke yake, akaniambia watu wa wakfu watatembelea nyumba yangu. Huku wageni wa ruzuku wakija kila mtu anajifanya fukara, hiyo si siri. Kwa hivyo alipobeba makochi yangu akayapeleka kwa jirani sikuuliza. Alipotoa koti la mume wangu ukutani na viatu vyake mlangoni, nikafikiri ni mambo yale yale. Akaniambia, "Nyar Homa Bay, wakikuangalia inamisha kichwa. Kuongea niachie mimi." Akaongea nao huko nje kwa Kiingereza cha mbio. Wakaingia, wakanishika mkono, "Pole sana mama," wakanipiga picha. Mimi nikadhani ni pole ya maji.

Jameni! Ile picha ikawekwa mtandaoni, chini imeandikwa kwamba mimi ni mjane, mume wangu alifukiwa na mgodi. Kumbe mwaka huu wakfu ulikuwa unasaidia vikundi vya wajane, na mwenyekiti akatugeuza wajane bila kutuuliza. Wifi yangu ndiye aliiona kwanza, akampelekea mama mkwe. Yule mama hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Mwanangu umemlilia akiwa anapumua?" Tangu siku hiyo hali chakula changu.

Nikampigia mume wangu nimweleze. Akanijibu, "Wewe mjane, unampigia nani simu? Maiti hainunui unga." Akakata. Haki ya Mungu, nililia mpaka macho yakafura. Nikienda kusaga mahindi, wanaume wananicheka usoni, ati nani atanirithi, wao wako tayari. Nilipomfuata mwenyekiti akasafishe jina langu, akanitazama kama mbwa aliyeingia jikoni. "Ruzuku imepita, sasa unataka tuirudishe? Kwani mume wako amepungukiwa nini? Si bado anatembea?"

Wale mama wenzangu niliodhani ni dada zangu wakapiga makofi.

Sasa sikieni balaa lenyewe. Watu wa wakfu wanarudi Alhamisi kuzindua kisima, na wamesema wangependa kuweka maua kwenye kaburi la marehemu. Mwenyekiti anataka tuchimbe kidogo kando ya nyumba yangu, turundike udongo, tusimike msalaba. Nikamwambia, mama, sisi Wajaluo hatuchimbi kaburi la mtu aliye hai, shimo likichimbwa bomani linadai mtu wake. Akacheka. "Basi wewe ndiye utawaeleza watoto wa wenzako kwa nini wanaendelea kunywa sumu."

Leo asubuhi nimewakuta mwenyekiti na wale mama wenzangu na jembe, wanapima pale pale mume huzikwa. Wanabishana kama alikuwa mrefu. Kama alikuwa! Mama mkwe amesimama mlangoni kwake akiwaangalia, kisha akanigeukia mimi: "Waache wachimbe. Shimo la boma langu halifunikwi tupu, na mwanangu hataingia. Utaingia wewe."

Saa hii mume wangu ametuma ujumbe kwamba anakuja hiyo hiyo Alhamisi kuchukua watoto wake.

Ndugu zangu, nikimwaga mtama mbele ya wageni, kisima kinakwenda na kijiji kizima kitanitafuna. Nikinyamaza, mume wangu anafika nyumbani anakuta jina lake msalabani na mke wake amesimama kando, ameinamisha kichwa. Matusi nimeyazoea, tukaneni mkitaka, lakini mniambie: Alhamisi nisimame upande gani?